Laptopu yangu inajizima kila nikiwasha mashine pepe ya pili

Shikamoo dada fundi,

Mimi ni kijana wa miaka 22, nakaa Isevya hapa Tabora mjini, nasoma stashahada ya mitandao ya kompyuta mwaka wa pili. Mwezi wa tatu mama aliuza asali akaninunulia laptopu ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 256, Windows 10. Kwa kazi za kawaida haina shida hata kidogo. Naandika ripoti, naangalia filamu saa mbili mfululizo, imetulia tu.

Tabu inaanza nikifungua VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Mwalimu ametupa kazi ya kujenga mtandao mdogo wa mashine pepe tatu: seva ya Windows, seva ya Ubuntu na Windows 10 moja ya mtumiaji. Nikiwasha ya kwanza, sawa. Nikiwasha ya pili feni inaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, dakika kumi haziishi, paa! Imezima. Hakuna skrini ya bluu, hakuna onyo, ni giza tu. Nikibonyeza kitufe papo hapo haiwaki, au inawaka sekunde chache inazima tena. Nikiiacha robo saa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Imenifanyia hivyo ikiwa kwenye chaja na ikiwa kwenye betri, ila kwenye betri inawahi zaidi, hata kama inaonesha asilimia 50.

Wiki iliyopita ilizima seva ya Ubuntu ikiwa katikati ya kusasisha programu zake. Sasa hiyo mashine pepe haifiki popote, inaleta maandishi meupe na kuishia hapo. Kazi yangu ya wiki mbili iko humo ndani.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows upya kwa shilingi 20,000. Hali ikabaki ile ile. Wa pili aliigeuza tu mkononi, hakuifungua, akasema mazabodi (ubao mkuu) imechoka, nilete 250,000. Chuoni mwenzangu mmoja ananiambia niingie BIOS, yale mipangilio ya msingi ya kompyuta, nizime VT-x, mwingine anasema kosa ni la VirtualBox, nihamie VMware, programu nyingine ya aina hiyo.

Chumba changu ni cha bati, hakina dari, na kazi nafanyia kitandani kwa sababu meza sina. Mama sijamwambia kitu. Kazi inakusanywa mwisho wa mwezi huu wa Oktoba. Naomba unisaidie dada, nimechanganyikiwa.

Mdogo wako, Isevya

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hiyo 250,000 usiitoe kwa sasa. Barua yako ina dalili ambazo fundi wako wa pili angezipata kwa kukuuliza maswali matatu tu, na zote zinanielekeza kwenye joto, huku betri nayo ikiwa na lake pembeni.

Iliyonishika zaidi ni hii ya kukataa kuwaka papo hapo na kukubali baada ya robo saa. Ubao ulioungua hauponi kwa kupumzishwa. Kinachopona kwa kukaa dakika 15 bila kuguswa, mara nyingi ni kitu kilichokuwa cha moto kikapoa. Kisha hiyo filamu ya saa mbili. Filamu haiichoshi prosesa, kwa kuwa kazi kubwa ya kuifungua picha inabebwa na sehemu maalumu ya michoro. Mashine pepe mbili zikiamka pamoja ni habari nyingine: kila moja inapakia mfumo mzima wa uendeshaji, inatafuta masasisho, inasoma diski, na prosesa inaweza kukaa asilimia 100 kwa dakika kadhaa bila kupumua. Hapo ndipo feni yako inapoanza kuvuma, na kuvuma kwenyewe kunaniambia kwamba feni inazunguka. Swali ni kama hewa inapita.

Uelewe kinachotokea ile sekunde ya giza. Prosesa za Intel za laptopu za kizazi chako nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzijoto 100. Zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe ili zipoe, na wewe unaona mashine imekuwa nzito. Joto likizidi kupanda, prosesa inatoa ishara na umeme unakatwa pale pale. Haiiulizi Windows, haisubiri ufunge mafaili, maana ikisubiri itaungua. Hiyo "paa" yako ni prosesa inajiokoa. Ndiyo sababu kupiga Windows upya hakukusaidia, na kwa kweli nasikitika kwa ile 20,000 yako.

Sasa hao wenzako wa chuo. VT-x ni uwezo uliomo ndani ya prosesa wa kuendesha mashine pepe moja kwa moja, na kuuzima hakutibu joto. VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 haiwezi kuendesha mashine pepe bila uwezo huo, kwa hiyo ukiuzima mashine zako zitakataa kuwaka, laptopu itakaa kimya bila kuzima, na utadhani umepona kumbe umeacha kufanya kazi. Iache VT-x iwake. Na VMware itaichosha prosesa ile ile, ndani ya kasha lile lile, kwa vumbi lile lile.

Mimi naamini ni joto, lakini usiniamini mpaka uone namba. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, ni ya bure na ni ndogo. Ukiifungua chagua sehemu ya vipima joto, yaani Sensors, halafu chini utaona kitufe cha kuanza kurekodi kwenye faili. Kibonyeze. Kuanzia hapo kila sekunde chache inaandika mstari mmoja: saa, joto la kila kiini cha prosesa, kasi yake, hali ya betri. Laptopu ikizima ghafla, faili linabaki kwenye diski likiwa na mistari yote iliyowahi kuandikwa. Ule mstari wa mwisho ndio ninaoutaka.

Usianze na VirtualBox. Kama una 7-Zip, ile programu ya kubana mafaili, ndani yake kuna kipimo cha prosesa, kinaitwa Benchmark, kwenye menyu ya Tools. Iweke laptopu mezani kwa jirani au hata sakafuni kwenye saruji, chomeka chaja, anza kurekodi, kisha endesha kipimo hicho dakika kumi. VirtualBox iwe imefungwa kabisa. Ikizima hapo, umeshapata jibu kwa wenzako: programu ya mashine pepe haina kosa lolote, ilikuwa inaitwisha prosesa mzigo tu, na mzigo wowote mwingine mzito ungefanya vivyo hivyo.

Kisha fungua lile faili. Kama mistari ya mwisho inasoma 96, 98, 99, 100, tatizo ni joto, mjadala umefungwa. Kama inasoma 70 au 75 halafu kimya, joto la prosesa linatoka kwenye orodha na tunageukia umeme: betri, chaja au tundu la chaja. Hiyo tofauti ya namba mbili ndiyo inayokulinda usilipie kifaa kisicho na kosa.

Unaweza pia kuangalia kumbukumbu za Windows yenyewe. Andika Event Viewer kwenye kitafutio, fungua Windows Logs, halafu System. Utakuta alama nyekundu za Kernel-Power namba 41 zikiwa na saa zinazolingana na kila tukio. Fungua mojawapo, nenda Details, tafuta BugcheckCode. Ikiwa ni 0, kwa kawaida Windows haikuanguka kwa hitilafu yake, umeme ulikatika juu yake. Ila namba 41 haisemi nani aliyekata. Nimeona watu wanaisoma "Kernel-Power" wanakimbilia kununua chaja mpya. Hiyo ni taarifa ya msiba tu, sababu ya kifo haijaandikwa humo.

Twende kwenye betri, kwa sababu ulisema kwenye betri inawahi zaidi hata ikiwa asilimia 50. Hilo nalo lina maana. Betri ya mtumba iliyochoka inaweza kubeba kazi ndogo vizuri, lakini prosesa ikidai umeme mwingi kwa ghafla volti zake zinaanguka chini ya kikomo na saketi yake ya ulinzi inakata. Asilimia unayoiona ni makadirio, na kwa betri mzee makadirio hayo yanadanganya. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /batteryreport, nayo itakuambia imehifadhi ripoti wapi. Humo linganisha namba mbili: Design Capacity, yaani uwezo iliyozaliwa nao, na Full Charge Capacity, uwezo uliobaki. Kama kilichobaki ni nusu au chini ya hapo, usifanye tena kazi za mashine pepe kwa betri. Na kabla ya yote pitisha kidole kwenye sehemu ya kusogezea kishale na chini ya laptopu. Ukikuta pametuna, au kasha limeanza kuachana, usiichaji tena na usiibonyeze. Mpelekee fundi aitoe hiyo betri kwanza, maana betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Chaja geuza usome maandishi yake madogo. Zidisha volti kwa ampea. 19.5 mara 3.34 ni wati 65, 19.5 mara 2.31 ni wati 45. Linganisha na kile kilichoandikwa chini ya laptopu au kinachotajwa kwa modeli yako. Laptopu nyingi za mtumba zinauzwa na chaja ya kuokoteza, na chaja ndogo inaiacha betri iliyochoka isaidie kubeba mzigo, ambao haiwezi kuubeba.

Sasa vumbi. Wewe na mimi tunaijua Tabora ya kiangazi. Toka Mei mvua zikishakata mpaka Novemba zinaporudi, kila gari linalopita linaacha wingu, na unafagia asubuhi, mchana meza imeshabadilika rangi. Hilo vumbi feni inalivuta. Mwaka juzi nilifungua laptopu ya karani wa ghala la tumbaku kule Urambo, dalili zake ni hizi zako. Feni yenyewe ilikuwa safi kiasi cha kuridhisha. Nilipoing'oa ndipo nikaona kilichojificha nyuma yake: kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba pamelala kitu kama kipande cha blanketi, kijivu, kimeshikana, unene wa sarafu, kinanuka tumbaku. Nilikinyanyua kwa koleo ndogo kikatoka kizima. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote ikisukuma hewa kwenye ukuta. Tulipoirudisha mezani ilimaliza siku nzima ya kazi bila kuzima.

Ndiyo maana sipendi ule usafi wa kupuliza kwa nje tu. Unalisukuma blanketi likabane zaidi kwenye mapezi. Laptopu ifunguliwe, betri ichomolewe kwenye ubao kabla ya kitu kingine chochote, feni itolewe, na mapezi yasafishwe kwa brashi laini. Wakati wa kupuliza, feni ishikiliwe kwa kijiti cha meno isizunguke, kwani kuizungusha kwa upepo mkali kunaweza kuharibu beringi yake. Baada ya hapo linatolewa lile bomba la shaba linalokaa juu ya prosesa. Pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bomba, utaikuta imekauka kama chokaa. Inafutwa kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha inawekwa mpya, kiasi cha punje ya mchele katikati, na skrubu zinakazwa kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake.

Mdogo wangu, kama hujawahi kufungua laptopu usijifunzie kwenye hii ya mama. Mpelekee fundi, lakini ukae hapo hapo. Mwambie: "Naomba usafishe feni na kubadilisha pesti, na naomba nione ukifungua." Fundi mwaminifu hatachukia. Uulize pesti yake iko wapi uione kwenye sirinji au kopo lake. Nasema hivi kwa uchungu kwa kuwa nimeshakuta prosesa zimepakwa dawa ya meno. Inafanya kazi siku chache, inakauka, na mteja anarudi pale pale alipoanzia. Akikwambia tena habari za mazabodi, mwombe akuoneshe amepima nini.

Kitanda nacho kinaiumiza. Matundu ya kuvutia hewa kwa laptopu nyingi yako chini, na godoro linayaziba yote. Tafuta ubao, hata kipande cha mbao ngumu kutoka kwa seremala, kisha weka vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma ili hewa ipate njia. Halafu hicho chumba cha bati. Feni haina uwezo wa kuleta baridi, inapuliza hewa ya chumbani tu. Chumba kikiwa nyuzijoto 35 mchana badala ya 22 ya alfajiri, prosesa nayo inapanda kwa karibu tofauti hiyo hiyo. Kwa Oktoba hii ya kwetu, mazoezi ya mashine pepe yafanye saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, au usiku bati likishapoa. Mchana andika ripoti.

Kuna mambo ya kufanya leo leo bila shilingi. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ile ya kina, tafuta Maximum processor state, ishushe kutoka 100 hadi 99. Inaonekana kama mzaha wa asilimia moja, lakini kwa prosesa kama yako inaizuia isipande kwenye kasi ya ziada, na joto linashuka kwa kiasi utakachokiona mwenyewe kwenye HWiNFO.

Kisha VirtualBox. Prosesa yako, kama ilivyo kwa i5 nyingi za laptopu ndogo za kizazi hicho, inaelekea kuwa na viini 2 halisi, ingawa Windows inakuonesha 4. Nina wasiwasi kila mashine pepe umeipa viini 2, na RAM umegawa mpaka Windows yako mwenyewe haikubakiwa na kitu. Ipe kila mashine kiini 1. Seva ya Ubuntu isiyo na dawati la picha inatosheka na GB 1, seva ya Windows ipe 2, ile ya mtumiaji 2. Kwenye sehemu ya System, upande wa Processor, kuna Execution Cap, yaani kikomo cha matumizi ya prosesa. Iweke 70. Ziwashe moja moja: ya kwanza ikitulia kabisa ndipo uwashe ya pili. Na kwa RAM tuelewane: RAM ikipungua, kompyuta inakuwa nzito na kuganda, lakini haizimi giza kama yako. Kwa hiyo asije mtu akakuuzia RAM kama dawa ya ugonjwa huu.

Imebaki ile Ubuntu yako, na nadhani bado ina matumaini. Kabla hujaigusa, funga VirtualBox, nenda kwenye folda ya mashine zako, nakili folda nzima kwenye diski ya nje au flashi ya kutosha, pamoja na ile ya seva ya Windows. Snapshot, ile nakala ya hali ya mashine inayotengenezwa na VirtualBox, peke yake haitoshi, inakaa kwenye diski ile ile. Baada ya hapo iwashe peke yake alfajiri, usome vizuri hayo maandishi meupe. Yakiishia kwenye neno initramfs, mistari ya juu yake kwa kawaida inataja jina la diski yenye hitilafu na kukuambia uendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Andika fsck -y, acha nafasi, kisha jina hilo kama lilivyoandikwa. Ikimaliza andika exit. Ikifika kwenye kuingia, maliza ule usasishaji uliokatika kwa sudo dpkg --configure -a. Ikigoma, nakala unayo, hujaharibu zaidi.

Mama mwambie. Mwambie leo kwamba laptopu inapata joto, unaitafutia tiba, na hujatoa hela ya mazabodi. Aliyeuza asali kukununulia atapenda kusikia hilo kutoka kwako kabla hajalisikia kwa wengine.

Halafu niandikie tena kabla ya mwisho wa mwezi. Nataka namba tatu: joto kwenye mstari wa mwisho wa HWiNFO, Design Capacity na Full Charge Capacity. Uniambie pia chaja ilikuwa imechomekwa au la, na ilikuwa saa ngapi.